Bati Lililotoa Jasho

Tone. Kisha kimya. Kisha tone.

Mtu mmoja alikuwa na banda la gari, na banda hilo lilikuwa linavuja, na katika nyumba nzima hakuna aliyeruhusiwa kusema kwamba linavuja. Usiku ule mvua ilikuwa imepiga tangu magharibi, na sauti ya tone kudondoka kwenye beseni ilipenya ukutani na kuingia chumba cha pili, na mle chumbani Atuganile, mkwe wa mtu yule, alikuwa amelala macho wazi, mkono mmoja juu ya kifua cha mwanawe na mwingine ukutani. Upande wa pili wa ukuta huo ndiko lilikokuwa banda. Upande wa huku ndiko kilikoegemea kitanda. Na ukuta ulikuwa baridi, si baridi ya ukuta, ulikuwa baridi ya kitu kibichi, kama tumbo la chura, na yeye alikuwa anaogopa kuuondolea mkono kana kwamba ni mkono wake ndio unaoushikilia usianguke.

Mwenye banda aliitwa Asegelile, na alikuwa fundi wa kuezeka. Si fundi wa kubabaisha. Katika mji ule wa mlimani, ambako mvua hunyesha mpaka watu wanasahau vumbi lina rangi gani, yeye ndiye aliyeezeka kanisa, yeye ndiye aliyeezeka shule na soko la ndizi, na akipita barabarani na pikapu yake ya kijivu watu walimwinulia mikono, "Bila wewe tungelala majini, Fundi!" Naye hakuwa na jibu ila moja: "Langu halivuji." Alilisema mpaka likageuka jina. Watoto wakiiona pikapu inakunja kona waliimba, "Langu-halivuji huyoo!" naye alicheka, akapiga honi.

Sasa sikieni jinsi banda lake mwenyewe lilivyoezekwa. Bati lina mgongo na lina bonde. Maji hupita bondeni, kwa hiyo msumari hupigwa mgongoni, na hilo hata mtu anayebeba mbao siku yake ya kwanza kazini analijua. Lakini mgongoni bati linanesa, unapaswa kuwa na subira, unapiga kidogo kidogo usije ukalibonyeza. Bondeni bati limelala juu ya mbao, msumari unazama kwa pigo moja. Jioni ile wingu lilikuwa linakuja, gari lilikuwa linaletwa kesho yake asubuhi, na Fundi alitaka banda liwe tayari ili watu waione pikapu ikiingia ndani ya nyumba yake kama bwana harusi. Akapiga bondeni. Safu nzima, kutoka ukuta wa nyumba mpaka ukingoni. Mwanawe Ambokile, wakati huo kijana aliyetoka shule juzi, ndiye aliyekuwa ameshika ngazi, akainua uso akasema, "Baba, bondeni?"

Fundi alimtazama kutoka juu. "Siku ukijenga kwako, utapiga unapotaka."

Kijana akainamisha uso, akaendelea kushika ngazi. Na tangu siku ile hakuiacha, hata ngazi ilipokuwa imeshaondolewa.

Masika ya kwanza maji yalishuka. Bibi Sekela, mke wa Fundi, alikuja mezani akasema kama mke yeyote angesema, "Baba Ambokile, banda linavuja." Fundi akaweka tonge chini. Akanawa. Akatoka, na siku tatu hakula chakula cha nyumba ile, alikula kwa mama ntilie sokoni, watu wote wakimwona, na Bibi Sekela akaona aibu mpaka akashindwa kwenda jumuiya. Siku ya nne mume alirudi akasimama bandani, maji yanadondoka mbele ya viatu vyake, akasema, "Bati la Asegelile halivuji. Bati linatoa jasho. Usiku ni baridi, mchana ni joto, kitu chochote kinatoa jasho." Na Bibi Sekela, kwa kuwa alikuwa amechoka, kwa kuwa alitaka mume ale, akasema, "Ndiyo. Ni jasho."

Ndivyo neno lilivyoingia nyumbani, na neno likishaingia nyumba hujengwa kulizunguka. Mabeseni matatu yakaitwa mabeseni ya jasho. Magunia yaliyotandikwa chini ya mlango yakaitwa ya kufutia jasho. Kila wageni walipotarajiwa Fundi alinunua rangi ya maziwa akapaka ule ukuta wa banda, na kila mvua iliporudi doa lilirudi, kubwa kuliko lile la kwanza, la kahawia, lenye kingo kama ramani. Naye hakupanda. Kila mtu mle ndani alijua kwamba angeweza kupanda asubuhi moja, ang'oe misumari, azibe matundu, ahamishie misumari mgongoni, na kufika adhuhuri kazi imekwisha. Lakini mtaa ungemwona. Fundi Langu-halivuji juu ya paa la Fundi Langu-halivuji, na mtaimbo wa kung'olea misumari mkononi! Afadhali maji. Akanunua turubai zito la kijani, kubwa, la kutosha kufunika paa lote lile, akalifunika gari. Gari lilikuwa kavu. Nataka mlikumbuke hilo. Miaka yote ile, katika nyumba ile, gari lilikuwa kavu.

Msimcheke yeye peke yake. Mnazijua nyumba ambazo kipigo kinaitwa hasira za baba, na ulevi unaitwa uchovu, na binti anayelia kila mjomba anapokuja kulala anaitwa mkaidi. Kila nyumba ya namna hiyo ina mabeseni yake, na ina mtu wa kuyamwaga.

Atuganile aliolewa na Ambokile mabeseni yakiwa yameshazoea. Wiki ya kwanza mama mkwe alimwonyesha chumvi inakaa wapi, mkaa unakaa wapi, na akamfundisha neno. Bibi arusi alidhani anataniwa, akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Wakampa yeye na mumewe chumba kilichopakana na banda, kilichokuwa stoo, na usiku aliposikia tone alimgusa mumewe, naye mumewe aliinuka bila kuwasha taa, akamwaga mabeseni, akarudi kulala miguu ikiwa na baridi. Hodari sana wa kumwaga maji, Ambokile. Hakuwahi kukosa hata usiku mmoja.

"Wewe umeoa mabeseni," Atuganile alimwambia, wakati ule bado walikuwa wanataniana. "Mimi ni mke mdogo."

Kisha akazaliwa Lusubilo, na utani ukaisha. Maana mtu akiwa peke yake anaweza kulala popote, anaweza kuita maji jasho na kuita jasho manukato, lakini mtoto wa miezi minane analala upande wa ukutani ili asianguke kitandani, ndivyo tunavyowalaza, upande wa ukutani ndio upande wa salama. Na upande wa salama ulikuwa unavimba. Aliona kwanza lipu imetoka nje kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Akabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikaingia. Kikaingia kama unavyobonyeza ugali, na kilipotoka kilitoka na udongo mwekundu, kwa sababu ukuta ule nje ulikuwa simenti na rangi ya maziwa, lakini ndani ulikuwa tofali mbichi, za udongo ambao haukuwahi kuonja moto. Udongo ukinywa maji hurudi kuwa udongo. Haihitaji elimu kubwa kujua hilo.

Alimwambia mumewe. "Baba Lusubilo, ukuta umelowa mpaka ndani."

"Ni jasho."

"Jasho gani linameza kidole? Njoo uone. Weka chako."

Ambokile hakuweka chake. Alikuwa anaijua safu ile ya misumari mmoja mmoja, na mtu anayejua hahitaji kuweka kidole. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema polepole kwamba baba ana shinikizo la damu, kwamba masika yanakaribia kwisha, kwamba atatafuta namna ya kusema naye. "Umeniambia mimi, inatosha," akamaliza. "Usimwambie mtu mwingine."

Alimwambia mama mkwe, jikoni, wakimenya ndizi. Bibi Sekela hakushangaa, na hilo ndilo lililomuumiza Atuganile kuliko ukuta.

"Kwani mimi sijui, mwanangu? Unadhani magunia yale huwa yanajitandika? Nyumba ni kitu cha kufunika. Mimi nimefunika, mama yangu alifunika."

"Tufunike na nini, mama, na kifuniko chenyewe ndicho kinachovuja?"

Kisu cha Bibi Sekela kikasimama. Akatazama mlangoni. "Shusha sauti! Neno hilo hapa halisemwi. Mhamishie mtoto miguuni kama unaogopa. Na umeniambia mimi, inatosha, usimwambie mtu mwingine."

Basi akabaki mmoja wa kuambiwa, naye ndiye mwenye paa. Lakini kwa desturi ya kwao mkwe wa kike hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Hamtazami, halitaji jina lake, wakikutana uani mmoja hupisha. Kama kuna la lazima, husemwa kwa mtoto, na mkubwa hulisikia kama anayesikia redio ya jirani. Kwa hiyo jioni moja, Fundi akiwa barazani, Atuganile alisimama nyuma ya mlango na mtoto mgongoni, akasema, "Lusubilo, mwambie babu ukuta tunaolalia umekuwa tope. Mwambie babu tunaogopa."

Kiti kililia.

"Lusubilo," sauti ya Fundi ikasema, tamu, kama anayembembeleza kweli mjukuu, "mwambie mama yako bati la babu linatoa jasho tu. Mwambie kwao waliezeka kwa nyasi, ndiyo maana hajui tabia ya bati."

Mtoto, katikati ya wakubwa wawili waliokuwa wanamtumia kama tundu la ufunguo, alicheka kwa sababu alisikia jina lake. Siku ya pili yake asubuhi Fundi alinunua kopo jingine la rangi ya maziwa, na safari hii akaingia mpaka chumbani mwao wakati mkwe yuko mtoni, akapaka upande wa ndani. Alipaka vizuri. Hakuacha hata alama ya kile kidole.

Na sasa tuurudie usiku ule, tone, kimya, tone, Atuganile na mkono wake ukutani. Alikuwa amehesabu sauti ile usiku mwingi mpaka ikawa kama pumzi ya mtu wa pili chumbani. Alikuwa anaichukia. Halafu, saa nane hivi, ikakoma.

Mvua haikukoma. Mvua iliongezeka, ilikuwa inapiga bati kama watu wanaomwaga kokoto. Lakini tone lilikoma. Akangoja. Kimya, kisha kimya. Ambokile alikuwa ameshalala, na hata usingizini aligeuka akahema kama mtu aliyepumzishwa kazi. Lakini mwanamke yule akakaa kitako gizani, kwa sababu alikuwa anajiuliza swali dogo la darasa la nne: kama maji bado yanaingia, na hayaanguki kwenye beseni, yanakwenda wapi? Akaweka sikio ukutani. Ndani kulikuwa na kitu kinashuka, kidogo kidogo, kama mchanga unaomiminika katika karatasi. Ukuta ulikuwa unayanywa.

Hakumwamsha mtu. Wote alikwisha kuwaambia, nao walikuwa wamelala hata mchana. Akamnyakua mtoto, akatoka na kanga moja, miguu mitupu, akavuka uani, akafungua lango, akasimama katikati ya barabara mvua ikimpiga usoni, akapiga yowe.

Yowe kule kwao lina sheria. Yowe ni la mwizi, yowe ni la moto, yowe ni la kifo. Atakayepiga yowe bila moja ya hayo atakalishwa mbele ya wazee, na yeye alilijua hilo, na alipiga, akapumua, akapiga tena, mpaka koo likachanika. Mtaa ukafunguka. Walikuja na panga, na marungu, na tochi, mama mmoja na mwiko, kijana wa bodaboda na kiatu kimoja. Jirani wa mkabala, Bwana Kasyupa, mtu mnene wa maneno mengi, ndiye aliyetangulia.

"Yuko wapi? Amekimbilia wapi?"

"Hajakimbia!" Atuganile akasema. "Yuko juu ya paa! Yuko pale miaka yote!"

Tochi zote zikapanda juu ya paa. Paa lilikuwa tupu, linang'aa maji.

"Sioni mtu, mama."

"Banda linavuja!" akapiga kelele. "Linavuja! Linavuja! Ukuta umejaa maji, mtoto wangu analala pale, na wote wanajua, wote mle ndani wanajua, linavuja!"

Watu wakatazamana. Panga zikashuka. Mtu mmoja nyuma akaguna, "Tumeamshwa kwa tone la maji?" na mwingine akacheka, "Nyie, la Langu-halivuji?" na kicheko kikataka kupita kundini, na hapo Fundi Asegelile akatokea langoni na koti la mvua na tochi yake ndefu, na kicheko kikakatika. Nyuma yake mkewe, nyuma ya mkewe Ambokile, amevaa shati kinyume.

Fundi hakumtazama mkwewe. Hata pale alishika desturi. Alielekeza tochi kwa mtoto, aliyekuwa analia, na akasema kwa sauti ya kusikiwa na mtaa, "Lusubilo, mwambie mama yako aache kuvujisha mambo ya nyumba. Mwambie akurudishe kitandani."

Na Atuganile akamtazama. Akainua uso, mara ya kwanza tangu aolewe, akamtazama baba mkwe wake machoni, na wanawake waliokuwapo wakaziba midomo kwa kanga.

"Kalale wewe, baba," akasema. "Kitanda kiko wazi, upande wa ukutani. Ukilala mpaka kukuche, nitapiga magoti hapa hapa barabarani nikuombe radhi."

Mvua ikaendelea. Fundi alitazama huku na huku, na kila uso aliouona alikuwa ameuezekea nyumba. Angeweza kukataa, lakini kukataa kulala chini ya paa lako mwenyewe ni kusema nini? Akageuka akaingia. Watu wakamfuata mpaka mlango wa chumba, tochi mkononi, wamesongamana, wanachuruzika maji sakafuni.

Kitanda kilikuwa bado na joto la mtoto. Fundi akakaa ukingoni. Akavua viatu, kimoja, kisha cha pili, akavipanga. Akainua mguu mmoja akauweka kitandani. Kisha, kwa mazoea ya mikono ya miaka arobaini, akaegemeza kiganja ukutani ili ajilaze. Akabaki hivyo. Waongo tunaweza kudanganyana kwa midomo, lakini mkono wa fundi haukuwahi kufundishwa kudanganya, na mkono ule ulikuwa unasikia chini ya rangi ya maziwa kila kitu kilichokuwa kinatembea mle ndani. Akauondoa. Ulitoka mwekundu. Akashusha mguu. Akavaa viatu. Hakuna mtu aliyemwambia asimame, alisimama mwenyewe, akapita katikati ya watu, na alipofika uani, katika baridi ile ya mlimani, mvua inamiminika, watu wanatetemeka, akasema, "Mle ndani kuna joto."

Bibi Sekela akakaa chini, kwenye maji, akajifunika uso.

"Baba," Ambokile akasema nyuma yake, na sauti yake ilikuwa ya kijana yule aliyetoka shule juzi. "Tulipiga bondeni."

Ndiyo. Sasa alisema. Mke wake akiwa mvuani miguu mitupu na mtoto ameshalowa, sasa akakumbuka kuwa ana mdomo. Atuganile alimtazama, wala hakumshukuru. Bwana Kasyupa na yule kijana wa bodaboda walikitoa kitanda, mwenye mwiko akampokea mtoto akamkausha, na wengine wakakimbia kutafuta mirunda ya kuegemeza. Hawakuwahi. Kabla ya alfajiri ukuta uliketi. Haukuanguka kwa kishindo, uliketi, kama mzee aliyesimama muda mrefu, na nusu yake ikaangukia juu ya turubai la kijani, ikalaza pikapu chini, na nusu ikajaza mahali kilipokuwa kitanda mpaka usawa wa dirisha.

Mtoto alikuwa kwa jirani, amelala, kinywa wazi.

Mngedhani baada ya hapo palikuwa na la kuzungumza kuhusu misumari. Siku ya tatu kikao cha ukoo kilikaa. Walikuja kaka zake Fundi, wakaja mashangazi, wakaja wazee wawili wa kanisa walioezekewa bure. Hawakukaa sebuleni, kwa sababu kenchi za paa zilikuwa zimelegea na hakuna aliyethubutu kukaa chini yake, hata Fundi mwenyewe. Walikaa uani, na kwa kuwa ukuta haukuwapo tena, na banda lilikuwa wazi upande wa barabara, sauti zilipita moja kwa moja mpaka barabarani, ambako mtaa ulikuwa umesimama, kila mtu na kisingizio chake, huyu anafunga kamba ya kiatu, huyu anasubiri mtu. Na jambo la kwanza la kikao lilikuwa yowe. Jambo la pili lilikuwa yowe. Kwamba halikuwa la mwizi, wala la moto, wala la kifo.

"Kama angengoja kidogo lingekuwa la kifo," Bwana Kasyupa alisema kutoka barabarani. "Ndipo lingekuwa halali?"

Wakamwambia anyamaze, si ukoo wake.

Kaka mkubwa wa Fundi, Mzee Anyimike, alisema kwa huzuni nyingi. Alisema kuwa mwanamke ni mfuniko wa chungu. Alisema kuwa huyu binti alimtazama mkwe wake usoni, na hilo atalisafisha kwa desturi, lakini kubwa zaidi ni kwamba amevujisha siri ya nyumba, na nyumba iliyovujishiwa siri zake haina heshima tena, yote haya tunayoyaona leo, alisema, akionyesha kwa mkono kifusi na gari lililolala, yametokana na kuvujisha. Na watu wazima wale, waliokuwa wamekaa juu ya viti vilivyotolewa nje kwa kuhofia paa, wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo.

Basi niambieni ninyi, mlio na nyumba na mlio na watoto wanaolala upande wa ukutani: ni nani aliyevujisha, ni mdomo, au ni bati?

Fundi Asegelile alikuwa amekaa amejiinamia, mikono katikati ya magoti. Alikuwa amezeeka siku tatu zile kuliko miaka yote. Lakini ilipofika zamu yake hakusema habari ya bonde wala ya mgongo. Alisema kitu kimoja tu anachotaka, kwamba mama Lusubilo aahidi mbele ya wote kuwa jambo hili halitakwenda mbali zaidi ya hapa. Akalisema huku anamtazama mtoto, kwa desturi.

Atuganile akainuka na mtoto mgongoni. Alikuwa bado anaogopa, na sauti aliyokuwa nayo ilikuwa ile iliyobaki baada ya yowe, kavu, yenye mikwaruzo. Akawatazama wazee mmoja mmoja. Akamtazama mumewe. Kisha akatazama pale ukuta ulipokuwa, na kupitia pale akaiona barabara, na mama wa mwiko, na kijana wa bodaboda, na Bwana Kasyupa, na wauza ndizi, na watoto wa shule, na mtaa wote mpaka kwenye kona, umesimama kimya, unasikia.

"Naahidi, baba," akasema. "Sitamwambia mtu mwingine."